Gia ya usukani haimaanishi otomatiki

Nimelisikia tena, safari hii kwa mtu aliyesimama kando ya gari analotaka kulinunua: "Hii ni otomatiki, si unaona gia iko kwenye usukani?" Chini palikuwa na pedali tatu, ya klachi ikiwemo, na otomatiki hubadili gia yenyewe bila klachi.

Gia ya usukani ni mkono wa gia uliofungwa kwenye nguzo ya usukani badala ya sakafuni. Maana yake inaishia hapo. Inataja mkono uko wapi tu.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno "gia" lenyewe. Tumelitoa kwenye Kiingereza, na kwenye magari linataja yale magurudumu yenye meno yanayozungushana ndani ya giaboksi. Sisi tukalibebesha mengine: meno ni gia, mkono ni gia, na hatua ya mwendo nayo ni gia. "Shika gia", "tia gia ya pili", "gia zimekatika meno". Kwa maongezi linatosha, nami nalitumia hivyo hivyo. Shida ni pale mtu anapoona mkono umehama, akaamini na vya ndani vimebadilika.

Magari mengi ya Marekani ya miaka ya 1940 na 1950 yalikuwa na mkono kwenye usukani, na klachi ilikanyagwa kama kawaida. Gia zilikuwa tatu: vuta mkono kuelekea kwako kisha shusha, ya kwanza, sukuma mbele na pandisha, ya pili, shusha moja kwa moja, ya tatu. Sakafu ilibaki wazi, kiti cha mbele kikabeba watu watatu. Peugeot 404 nayo ilikuwa na mkono kwenye usukani pamoja na klachi. Kinyume chake, otomatiki chungu nzima zina mkono sakafuni, katikati ya viti, na mwaka 1956 Chrysler walileta otomatiki za kubonyeza vitufe kwenye dashibodi.

Na vile vibapa vya nyuma ya usukani, ambavyo Ferrari waliviingiza kwenye mbio za Formula 1 mwaka 1989, tusiviite gia ya usukani. Hivyo hupandisha na kushusha gia tu. Kwenye magari ya kawaida, rivasi na pakingi huwa na mkono au kitufe chake pengine.

Kwa hiyo endelea kusema "gia ya usukani" ukimaanisha mahali. Ukitaka kujua kama utakanyaga klachi, fungua mlango, inama, uitafute pedali ya klachi.