Mtoto wa nyoka ni nyoka? Maswali na majibu kuhusu watoto wanaoitwa "wezi wa kuzaliwa"

Haya ni maswali ambayo wazazi huuliza kliniki, mara nyingi mtoto mwenyewe akiwa amesimama hapohapo anasikia kila neno.

Je, kuna mtu anayezaliwa mhalifu?

Hapana. Dhana hiyo ni kongwe. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu akidai kwamba mhalifu wa kuzaliwa hujulikana kwa umbo lake: taya kubwa, masikio yaliyochomoza, mikono mirefu, paji la uso lililolala kwa nyuma. Mwaka 1913 daktari wa magereza ya Uingereza, Charles Goring, alitoa vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 aliowalinganisha na watu wasio wafungwa, na umbo hilo la mhalifu hakulipata. Zaidi ya miaka mia imepita, lakini jirani bado anasema "mtazame macho yake tu utajua".

Baba yake alifungwa kwa wizi, na huyu ameanza kudokoa hela. Si ni damu?

Kuna kitu kinachorithiwa, lakini si wizi. Kinachorithiwa ni mwelekeo, kama vile wepesi wa kutenda kabla ya kufikiri, ugumu wa kutulia, au kutoshtuka sana kwa adhabu.

Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 14,000 walioasiliwa, yaani waliozaliwa na wazazi hawa wakalelewa na wale, na matokeo yakachapishwa mwaka 1984. Kati ya wanaume ambao wazazi wao wote, wa damu na wa kulea, hawakuwahi kuhukumiwa, asilimia 13.5 walikuja kuhukumiwa. Kati ya wale ambao mzazi wa damu alihukumiwa na wa kulea hakuhukumiwa, ni asilimia 20. Tofauti ipo, hatuifichi. Lakini hesabu upande wa pili: wanne kati ya kila watano wenye "damu mbaya" hawakuhukumiwa kwa lolote. Tena uhusiano ulionekana kwenye makosa ya mali, si ya ukatili.

Jambo la pili ni zito zaidi. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu wakiwa wadogo. Mwaka 2002 watafiti walitazama jeni moja, yaani chembe ya urithi, inayohusika na kuvunja kemikali za ubongo. Wavulana wenye aina dhaifu ya jeni hiyo walioteswa utotoni ndio waliokuwa wakorofi zaidi. Wenye jeni hiyohiyo ambao hawakuteswa hawakuwa wabaya kuliko wengine. Sasa fikiria mzazi anayesema "ni damu ya ukoo wao" huku ameshika waya wa pasi mkononi.

Nasikia kuna kromosomu ya uhalifu.

Hakuna. Dhana kwamba mwanaume mwenye kromosomu Y ya ziada huwa mhalifu ilivuma miaka ya 1960, ikachunguzwa, ikaanguka. Tuendelee.

Kama si damu, kwa nini anaiba, anadanganya na kupiga wenzake?

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo breki. Hukomaa polepole hadi miaka ya ishirini na kitu. Chochote kinachoichelewesha au kuijeruhi, na chochote kinachomfanya mtoto asielewe anachoambiwa, huonekana nyumbani kama ukaidi. Na vinavyokutwa mara kwa mara ni vya kawaida kabisa.

Anza na masikio. Mtoto aliyewahi kutoa usaha sikioni kwa miezi, akawekewa mafuta ya taa au maji ya majani, huweza kupoteza usikivu. Anaitwa hageuki, anachapwa kwa kiburi. Jaribu hivi: simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, mwambie azibe sikio moja kwa kidole, mnong'oneze tarakimu tatu azirudie. Hamia sikio la pili. Akikosea, anahitaji kupimwa masikio, siyo kuchapwa.

Halafu kuna mtoto asiyeweza kutulia wala kuzingatia, shuleni na nyumbani, tangu kabla ya miaka 12. Kuna wenye kifafa kisicho cha kuanguka: anaduwaa, anatafunatafuna au kuchezea vifungo vya shati, haitiki, kisha anaamka kama aliyepotea. Kuna wanaoshinda na njaa. Na kuna anayepigwa au kuchezewa kimwili na mtu mzima ambaye hakuna anayetaka kumtaja.

Aligongwa na bodaboda mwaka jana, akapona. Lakini tangu hapo ana hasira, matusi, na anachukua vitu vya watu. Tumeambiwa amepata jeuri ya utu uzima.

Mleteni hospitali. Wiki hii.

Tabia iliyobadilika baada ya kichwa kugongwa ni dalili ya ubongo mpaka ithibitike vinginevyo. Jeraha la juu kupona halimaanishi ubongo umepona. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipenywa kichwani na mtaimbo wa chuma. Aliishi, alitembea, aliongea. Lakini rafiki zake walisema hakuwa tena mtu yule: matusi, papara, hashauriki. Hakuna aliyesema alizaliwa hivyo.

Na mtoto akigonga kichwa leo, angalia yafuatayo: kuzimia hata kidogo, kutapika zaidi ya mara moja, degedege, maji meupe au damu puani au sikioni, usingizi usioamshika, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, kichwa kinachozidi kuuma. Moja tu kati ya hayo linatosha kumkimbiza hospitali usiku huohuo. Kumkanda kwa maji moto na kusubiri asubuhi ndiko kunakoleta watoto wakiwa wamechelewa.

Tumeshampeleka kwa mganga, ameombewa, amepelekwa kijijini kwa bibi. Hospitali tutaenda mwakani shule zikifunga.

Hapana. Msisubiri mwakani.

Tunaheshimu sala ya kila mtu, na sala haizuii kwenda kliniki. Kinachoharibu ni ule mwaka mmoja au miwili inayopita katikati. Katika miaka hiyo sikio linaendelea kuoza, kifafa kinaendelea kupiga, mtoto anafukuzwa shule, anapata marafiki wa stendi, na jina "kibaka" linamkaa. Mtoto anayeanza tabia hizi kabla ya miaka 10 ndiye asiyetakiwa kusubiri hata kidogo, kwa sababu kwake ndiko tabia hudumu. Wengi wanaoanza utundu wakiwa na miaka 14 au 15 huuacha wenyewe wakikua. Wazazi hufanya kinyume: wa miaka 7 wanasema "ataacha", wa miaka 15 wanaitiwa polisi.

Kumfunga kamba, kumchanja chale na kumchoma vidole ni kumjeruhi. Na piritoni au vidonge vya usingizi vya duka la dawa si tiba ya tabia. Vingine humfanya mtoto awe mkorofi zaidi.

Lakini samaki mkunje angali mbichi. Tukiacha fimbo si ndiyo ataharibika?

Kukunja samaki si kumvunja. Mtoto asiyeshtuka kwa adhabu huzoea kipigo haraka, mzazi anaongeza, mtoto anazoea tena. Anachojifunza ni kwamba mwenye nguvu hupiga.

Kinachofanya kazi ni kidogo na kinachosha, kwa sababu hutakiwa kila siku. Dakika 10 hadi 15 za kukaa naye bila kumfokea. Agizo moja kwa wakati mmoja, fupi, ukiwa umemkaribia na anakutazama: "Weka ndoo jikoni", si "kuwa na adabu". Akitii, msifu hapohapo na utaje alichofanya. Akikosa, adhabu ndogo na ya papo hapo, kama kukosa mpira jioni hiyo. Adhabu ya wiki mbili huvunjwa na mzazi mwenyewe siku ya tatu, na mtoto anajua hilo. Hela aliyochukua airudishe kwa mwenyewe, au ailipe kwa kazi. Mwezi wa kwanza atajaribu kuvunja kila kitu. Hapo ndipo wazazi wengi hurudia fimbo na kusema ushauri umeshindwa.

Madini ya risasi, yale yaliyomo kwenye betri za magari, yanahusikaje na tabia?

Risasi huharibu ubongo unaokua: umakini na uwezo wa kujizuia hushuka. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe mtoto akifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathirika kwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu jirani na nyumba zao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Nyumbani kwako chanzo kinaweza kuwa baba anayefungua betri za magari uani. Avue nguo za kazi nje, aoge kabla ya kumbeba mtoto, na betri zisipasuliwe wanapocheza watoto.

Lini inahesabika kuwa ni tatizo la kitabibu?

Mwongozo unaotumika sana hutaja matendo 15, kama kupigana, kutesa wanyama, kuchoma vitu moto, kuiba, kutoroka shule. Matatu au zaidi ndani ya miezi 12, na angalau moja ndani ya miezi 6 iliyopita. Mtoto aliyedokoa mia tano mara moja hayumo.

Tuje na nini?

Kadi ya kliniki na madaftari yake ya shule ya mwaka huu na mwaka jana, maana mwandiko huonyesha lini mambo yalianza kuharibika. Kama anaduwaa, mrekodi kwa simu. Kwa siku 7 andika kila tukio: saa ngapi, nini kilitangulia, alifanya nini, ulifanya nini. Hicho cha "nini kilitangulia" ndicho wazazi husahau na ndicho tunachokihitaji kuliko vyote. Mtoto ataongea na mhudumu peke yake kwa dakika chache. Ukiombwa kusubiri kwenye benchi la nje, subiri, na usimuulize njiani amesema nini.