Gusa hapa, usiguse pale: zifahamu aina za makumbusho ya sayansi na teknolojia

Malalamiko yanayotufikia sisi wahifadhi wa makumbusho siku hizi ni ya pande mbili. Wapo wanaosema kila kitu kimefungiwa ndani ya kioo na watoto wamekatazwa kugusa. Wapo wanaosema wamelipa kiingilio wakakuta michezo mitupu, bila hata mashine moja ya kale. Wote wana haki ya kuuliza, ila wengi wao waliingia jumba la aina moja wakitarajia aina nyingine.

Yapo majumba yanayotunza vitu halisi. Conservatoire ya sanaa na ufundi ya Paris (Conservatoire des arts et métiers) ilianzishwa mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, ili mafundi wapate kuona mashine na kujifunza kwazo. Ndege ya ndugu Wright, waanzilishi wa ndege ya injini, iliyoruka mwaka 1903 iko National Air and Space Museum, Washington. Ni yenyewe, si mfano, na ndiyo maana watu wanatoka mbali kwenda kuitazama. Ikiharibika, hakuna nyingine.

Vituo vya sayansi ni jambo tofauti kabisa. Mwanafizikia Frank Oppenheimer alipofungua Exploratorium, San Francisco, mwaka 1969, alitaka mgeni ajaribu mwenyewe mwanga, sauti na mwendo. Vifaa vya huko vimetengenezwa ili vishikwe, na vikivunjika vinarudi karakana. Kutokuta kitu cha kale humo si udanganyifu. Wala si mahali pa watoto peke yao, na inachosha kulirudia hilo kila msimu wa likizo.

Katikati kuna majumba yanayochanganya yote mawili, na mengi ya yale yanayopendwa zaidi ni ya namna hiyo. Oskar von Miller, mwanzilishi wa Deutsches Museum ya Munich (1903), alisisitiza mashine zionekane zikifanya kazi na mgeni aweze kubonyeza kitufe. Kwenye jumba la sayansi na viwanda la Chicago unaingia ndani kabisa ya U-505, nyambizi ya Kijerumani iliyotekwa mwaka 1944, lakini unaingia na mwongozaji.

Sasa utaratibu. Jasho la vidole lina chumvi na mafuta. Ukishika darubini ya shaba iliyong'arishwa, leo huoni kitu. Baadaye alama ya kidole hutokea, imekula shaba yenyewe. Kuiondoa ni kuisugua, na kila msuguo hupunguza jina la fundi lililochongwa pale. Kwa hiyo mlinzi hukuonya kwanza, na ukirudia hukuomba utoke. Kitu kikidhurika, taarifa huandikwa: saa, namba ya kitu kwenye rejesta, hali yake kabla na baada, pamoja na picha. Unaweza kudaiwa gharama za matengenezo. Kusema "nimegusa kidogo tu" hakubadilishi chochote kwenye taarifa hiyo.

Wanaotaka kutupatia vitu vya kale, tunawashukuru kwa dhati, maana mikusanyo mingi mizuri ilianzia nyumbani kwa watu. Ila msiviache getini. Andika kwanza, ambatanisha picha, eleza kitu kilitumika wapi na nani mmiliki wake. Kikikubaliwa, husainiwa hati ya kuhamisha umiliki, hupewa namba, kisha vya mbao na nguo hutengwa vikaguliwe wadudu kabla ya kuingia ghalani. Kukataliwa si dharau. Pengine tunavyo vinne vya aina hiyo hiyo.

Tahadhari moja ya mwisho ni kuhusu saa na mita za ndege za zamani zenye namba zilizokuwa zinang'aa gizani. Nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu, elementi inayotoa mionzi. Watu hudhani mng'ao ukizimika hatari nayo imekwisha. Sivyo. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua takribani miaka 1,600 kupungua nusu. Usifungue kioo chake, usiikwangue rangi hiyo, na usiilete mkononi. Tujulishe, tutakuelekeza kwa mamlaka inayosimamia mionzi.