Kwa Mtoto Mwenye Crohn, Lishe Haiisindikizi Dawa

Kwa mara nyingine nimeletewa, hapa Mtwara, faili la mtoto mwenye ugonjwa wa Crohn, uvimbe na vidonda vya muda mrefu kwenye utumbo, ambalo mpango wake wa tiba ni mistari miwili: prednisoloni, yaani kidonge cha steroidi cha kutuliza uvimbe, kisha "lishe bora". Mwenzangu aliyeuandika alinieleza kwa nia njema kwamba vidonge vitatuliza utumbo na mimi nimsaidie mtoto kurudisha mwili. Mgawanyo huo wa kazi nimeusikia kwa madaktari, wauguzi na wazazi, nami nimechoka kuusikia kwa sababu hauna msingi. Kwa mtoto ambaye ugonjwa umeshika utando wa utumbo bila fistula (tundu lisilo la kawaida linalotoka kwenye utumbo) wala utumbo kuziba, kunywa maziwa tiba, yaani maziwa maalumu ya unga yenye lishe kamili, peke yake bila chakula kingine kwa wiki 6 hadi 8 ndiyo matibabu yenyewe ya kuzima ugonjwa uliowaka. Miongozo ya madaktari wa watoto wa Ulaya ya mwaka 2014 iliyaweka mbele ya steroidi.

Jaribio ambalo huwatajia wenzangu lilifanyika Italia na kuchapishwa mwaka 2006. Watoto 37 waligawanywa kwa kura na kufuatiliwa kwa wiki 10. Dalili zilitulia kwa asilimia 79 ya waliokunywa maziwa na asilimia 67 ya waliopewa steroidi, tofauti ambayo kwa idadi ndogo namna hiyo siwezi kuitegemea. Kilichonishawishi ni kolonoskopia, yaani kuangalia ndani ya utumbo kwa kamera: utando ulipona kwa asilimia 74 upande wa maziwa, na asilimia 33 tu upande wa steroidi. Mtoto wa prednisoloni huacha kulia tumbo, hula vizuri, uso hujaa, na nyumbani wote hufurahi ilhali vidonda bado vipo ndani. Crohn yenyewe hudumaza urefu wa mtoto, na steroidi huongeza udumavu juu ya udumavu.

Wasiwasi wangu nao nauweka wazi. Jaribio hilo ni dogo, na haiwezekani kumficha mtoto kama anakunywa maziwa au anameza kidonge. Kwa watu wazima steroidi ndizo zinazoshinda, pengine kwa sababu wengi wao hawamalizi wiki zote. Ugonjwa ukiwa kwenye utumbo mpana pekee, ushahidi hupungua nguvu. Wala hakuna aliyethibitisha kwa nini tiba hii inafanya kazi. Zamani ilidhaniwa kwamba utumbo hupumzishwa kwa kupewa protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa, lakini maziwa yenye protini nzima yalionekana kufanya kazi sawasawa, na ni nafuu zaidi kuyanywa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Tiba hii huharibika pale mtoto anapopewa maziwa pamoja na chakula kingine. Uji wa lishe wa mahindi, soya na karanga ni chakula kizuri, lakini si tiba hii. Maziwa ya ng'ombe hayatoshi. Maziwa ya F-100 ya wodi ya utapiamlo hayana madini ya chuma, wala hayakutengenezwa kumlea mtoto wa miaka 11 kwa wiki 8. Bibi mmoja wa Nanyamba aliniambia, "Mwanangu, maziwa si chakula, mjukuu wangu atakufa kwa njaa." Nilikaa naye tukapanga glasi mezani: maziwa haya hutoa takriban kilokalori moja kwa kila mililita, kwa hiyo glasi 8 za mililita 250 humpa mtoto kilokalori 2,000 kwa siku. Nilimwonyesha jinsi ya kusawazisha kijiko cha unga kwa mgongo wa kisu, kutumia maji yaliyochemshwa na kupozwa, na kumwaga maziwa yaliyokaa mezani saa 4. Alielewa vizuri kuliko baadhi yetu tuliosoma. Tatizo lilikuja msimu wa korosho, na nililigundua kwenye fulana ya mtoto, iliyokuwa na madoa ya kahawia ya mabibo kifuani. Tunda moja haliui, lakini siku inayofuata huwa kipande cha ugali wa muhogo, kisha samaki kidogo, na baada ya wiki mbili tunaambiwa kwamba lishe imeshindwa. Mtoto asiyeweza kunywa kiasi chote huwekewa mpira wa puani, na aliyekonda sana huanzishiwa kidogo kidogo huku fosfati na potasiamu, madini ya damu yanayoweza kushuka ghafla anapoanza kulishwa, zikipimwa.

Katika ukanda wetu kuna sababu nyingine ya kutokimbilia prednisoloni. Kifua kikuu cha utumbo hushika palepale ambapo Crohn hupenda kukaa, mwishoni mwa utumbo mwembamba, na steroidi bila dawa za kifua kikuu humtuliza mtoto kwa muda huku maradhi yakisambaa. Yupo pia mnyoo wa strongiloidi, ambaye huweza kuishi mwilini miaka mingi na kutapakaa mwili mzima chini ya steroidi hadi kuua. Albendazoli ya kidonge kimoja wanayopewa wanafunzi shuleni haimwondoi kwa uhakika. Ivamektini ndiyo dawa yake. Maziwa hayana hatari hizo, ingawa mtoto kunenepa kwa maziwa si ushahidi kwamba hana kifua kikuu.

Steroidi ninazikubali pale familia inaposhindwa kununua makopo ya maziwa tiba, ambayo bei yake ni kubwa mno ikilinganishwa na prednisoloni. Huo ni uamuzi wa umaskini, nao uandikwe hivyo kwenye faili. Vilevile, maziwa hayazuii ugonjwa kurudi. Azathioprini au dawa nyingine ya kudumu ipangwe mapema, kabla wiki 8 hazijaisha.

Anayempa mtoto rufaa kwenda Muhimbili kwa kolonoskopia aandike kwenye barua tarehe na dozi ya prednisoloni kama ilishaanzishwa, kwa sababu hubadilisha kinachoonekana ndani ya utumbo, na amwambie mzazi asiikatishe ghafla njiani.