Mkokoteni Wenye Mabawa: Kwa Nini Ndege ya Mizigo Hukaa Kitako

Simama Mtaa wa Msimbazi asubuhi, Kariakoo ikishachangamka, umwangalie kijana wa mkokoteni anavyopakia magunia. La kwanza analiweka juu ya ekseli. Linalofuata mbele kidogo, kisha nyuma kidogo, na muda wote mkono wake mmoja umeshika mpini kuusikilizia uzito. Siku akikosea, nyuma ikazidi, mpini unapaa na yeye ananing'inia nao kama nguo kwenye kamba. Watu wanacheka, magunia yanaokotwa, maisha yanaendelea.

Kazi yangu ni kusimamia upakiaji wa ndege za mizigo pale Uwanja wa Julius Nyerere, na hesabu yangu ni hiyohiyo ya mkokoteni. Magurudumu makubwa ya ndege yako karibu na katikati, chini ya mabawa. Hiyo ndiyo ekseli. Gurudumu la pua limebeba sehemu ndogo tu ya uzito. Mzigo wa nyuma ukiuzidi wa mbele, pua inanyanyuka na mkia unashuka hadi lami. Tunasema ndege imekaa kitako. Ikitokea hivyo, aliyeko ndani anateleza pamoja na paleti (bamba la alumini linalofungiwa mzigo juu yake), na aliyeko mlangoni yuko zaidi ya mita 4 kutoka chini.

Watu wengi wakisikia hivi wanasema basi dawa ni rahisi: unapopakia anza mbele, unapopakua anza nyuma. Kanuni ni sahihi. Tatizo ni mlango.

Chukua Boeing 767-300F, aina ya ndege ambayo Air Tanzania iliipokea Juni 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54 hivi. Sakafu yake kuu ina nafasi 24 za paleti, na mlango mkubwa wa mizigo uko mbele, upande wa kushoto. Sasa fikiria unapakua. Paleti ipi itatoka kwanza? Ya karibu na mlango, yaani ya mbele. Hata ukitaka kuanza na ya mkiani, haina pa kupita. Kwa hiyo kila paleti inayotoka inaipunguzia pua uzito, huku za nyuma zikiwa bado zinasubiri zamu yao. Ndege yenyewe inakulazimisha ufanye kinyume cha kanuni.

Ndiyo maana hatukimbilii sakafu kuu. Kwanza tunamaliza tumbo la nyuma, yaani chumba cha mizigo kilicho chini ya sakafu kuu, kisha nguzo ya mkia, ile inayosimamishwa chini ya mkia kuuzuia usishuke, iwe imesimama mahali pake, ndipo tunaanza juu, tena tumbo la mbele tukiwa tumeliacha na mzigo wake ili ushikilie pua. Wakati wa kupakia tunageuza: tumbo la mbele ndilo linalojazwa kwanza, halafu sakafu kuu, na tumbo la nyuma linakuja mwishoni. Mawakala wa mizigo hawapendi utaratibu huu. Mzigo wao uko juu, malori yao yako nje, na wanatuona tunahangaika na maboksi ya chini. Nimeshaitwa mzembe mara nyingi kwa sababu hiyo na sijawahi kukasirika.

Jambo jingine linalowachanganya vijana ni kwamba ndege hupanda na kushuka. Ukitoa tani kadhaa, miguu ya magurudumu inarefuka na sakafu inainuka, kwa hiyo loda (mashine ya kuinulia paleti hadi mlangoni) iliyokuwa sawasawa na kizingiti cha mlango sasa imeachwa chini. Ukipakia, inashuka. Ukiisahau nguzo ya mkia bila kuangalia nafasi iliyobaki juu yake, ndege itaikalia na kuumia. Mtu mmoja lazima awe wa kuangalia tu, asisukume chochote. Na usihamishe mazoea ya ndege moja kwenda nyingine, maana 777F mlango wake mkubwa uko nyuma ya bawa, na hapo mahesabu yanabadilika kabisa.

Yote haya yanategemea uzito ulioandikwa kwenye karatasi, na hapo ndipo ninapogombana na watu. Paleti ya kawaida ya sentimita 244 kwa 318 inaruhusiwa kufika kilo 6,804 ikijumlishwa na uzito wake yenyewe, hivyo kwa macho huwezi kujua kama hii ina tani mbili au nne. Miaka ya nyuma tuliletewa paleti ya vipuri, karatasi inasema kilo 1,900. Foklifti ilipoinyanyua, magurudumu yake ya nyuma yakaanza kucheza juu ya lami. Tukairudisha mizani: kilo 3,140. Wakala akaniambia, "Braza, si urekebishe tu hapo kwenye karatasi?" Nilimwambia karatasi nitairekebisha lakini mpango mzima wa upakiaji unapangwa upya, na kama rubani atachelewa, atachelewa. Karatasi ile ndiyo inayomwambia rubani aweke mkia wa ndege katika pembe gani kabla ya kuruka. Namba ikiwa ya uongo, anagundua akiwa ameshaiacha ardhi.

Agosti 7, 1997, kule Miami, DC-8 ya Fine Air iliyobeba vitambaa vya denim ilianguka muda mfupi baada ya kuruka. Mzigo ulikuwa umekaa nyuma kuliko ilivyokusudiwa, na mkia ulikuwa umewekwa kwa hesabu isiyolingana na mzigo halisi. Wanne waliokuwamo walikufa, na mtu mmoja chini. Loki nyingi za paleti (vyuma vya sakafuni vinavyoinuliwa kuishika paleti isihame) zilizopatikana kwenye mabaki hazikuwa zimefungwa. Aprili 29, 2013, Bagram nchini Afghanistan, 747 ya mizigo ya National Airlines ilikuwa na magari matano mazito ya kijeshi. Angalau gari moja lilikatika mikanda, likarudi nyuma wakati ndege inapaa na kuharibu mitambo inayoendesha mkia. Wote saba walikufa. Mimi nikiwafundisha vijana huanza na Bagram, kwa sababu kila mmoja wao ameshafunga mzigo juu ya Fuso na anadhani anajua kufunga. Kwenye Fuso kazi kubwa ni kuzuia mzigo usidondoke. Ndegeni lazima pia ujue sakafu inavumilia nguvu kiasi gani pale ulipofungia, na mkanda unavuta kwa pembe ipi.

Kuhusu betri nisichoshe mtu. Tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu-ayoni zinazosafirishwa peke yake, bila kifaa chake, haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Zinapanda ndege za mizigo, chaji isizidi asilimia 30. Katoni ya pawabenki iliyoandikwa "vifaa vya simu" naishusha hata kama mwenyewe ni jirani yangu Tabata.

Barafu kavu inastahili neno moja zaidi. Ikiyeyuka inakuwa hewa ya kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, na inatulia chini pale mpakuaji anapoinama. Kama karatasi inaonyesha ipo, fungua mlango, subiri hewa iingie, ndipo mtu apande. Vifaranga na kaa hai nao usiwapange karibu nayo.

Masika huongeza balaa lake. Roli za sakafuni zikilowa, paleti inayohitaji watu wanne kuisukuma inaondoka kwa mmoja, na haisimami unapotaka. Siku za mvua nakataza mtu kutembea mbele ya paleti inayotembea, na loki ya mwisho wa njia inainuliwa kabla paleti haijaingia ndani.

Usiku mmoja tulikuwa tunamalizia ndege ya kukodi iliyokuwa haikujaa. Kijana mgeni kazini akanifuata na tochi. "Mkuu, hii nafasi ni tupu. Loki zake naziinua za nini?" Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo loki haishiki nafasi tupu, inamshika jirani yake asije akahamia hapo. Ukiiacha imelala, paleti ya tani tatu ina uwanja wa kukimbilia. Rudi mwanzo, uzikague zote mpaka mkiani, zenye mzigo na zisizo nao.

Alirudi baada ya dakika kumi, jasho linamtoka. Alikuwa amekuta mbili zimelala.