“Nyasi za Dubai” hazitakaa Dar, hata ukizimwagia maji ya Kilimanjaro

Mwezi huu nimeletewa pakiti tatu za mbegu za nyasi. Moja ilitoka Muscat, moja Uingereza, na ya juzi imetoka Dubai. Mwenye hiyo ya Dubai aliiweka juu ya meza yangu ya kitalu taratibu, kama mtu aliyeleta mahari. “Fundi, nisambazie hizi uwanja mzima. Dubai kuna joto kuliko hapa kwetu, na nyasi zao si umeziona?”

Nimeziona, na ndiyo maana nachoka.

Chukua pakiti, achana na picha ya nyumba nyeupe na mbwa, igeuze usome maandishi madogo. Tafuta jina la Kilatini. Ukikuta Lolium, Festuca au Poa, umeshika nyasi za nchi za baridi. Ukikuta Cynodon, huo ni ukoka wetu huu huu, na hapo tunaweza kuzungumza. Pakiti zote tatu za mwezi huu zilikuwa Lolium.

Sasa Dubai imeingiaje? Nyasi za kudumu za kule ni ukoka na paspalamu (nyasi inayovumilia maji ya chumvi), kama hapa. Lakini wao wana baridi. Usiku wa Januari hushuka mpaka nyuzi 14 au 15, ukoka unalala na kupauka rangi. Kwa hiyo ikifika Oktoba au Novemba wanasia Lolium juu ya ukoka, ili bustani na viwanja vya gofu vibaki kijani wakati wa wageni. Joto likirudi, Lolium inakufa, na hakuna anayeililia, maana ukoka wa chini unaamka na kuendelea. Ni nguo ya msimu ile. Shemeji yako aliyepiga picha Desemba alipiga picha nguo. Hata vile viwanja vya Kombe la Dunia kule Qatar mwaka 2022, nyasi yake kuu ilikuwa paspalamu, ndugu ya hii iliyofungwa kwenye viroba mbele ya kitalu changu, ambayo wateja wanaipita wakiulizia “za nje”.

Dar haina msimu huo. Julai, mwezi wetu wa ubaridi, usiku unazunguka nyuzi 19 na mchana 28 au 29. Januari na Februari ndiyo usiseme. Na kinachoua si jua la mchana peke yake kama watu wanavyodhani, ni joto la usiku. Mmea wa baridi ukilala kwenye joto unakula chakula chote ulichojitengenezea mchana, mizizi inabaki na njaa, kisha ukungu unamalizia kazi.

Kinachowaponza watu ni kwamba mbegu hizi huota haraka sana, siku 5 mpaka 10. Mteja mmoja wa Tegeta nilimkatalia, akamchukua kijana mwingine. Siku ya 7 akanitumia video: uwanja umeota laini kama nywele za mtoto mchanga, na nyuma nasikia anacheka. Sikujibu. Wiki ya 7 alinipigia simu mwenyewe. Nilipofika kulikuwa na mabaka ya kahawia kama mkeka ulioungua. Nikashika shungi moja kwa vidole viwili, likatoka lote, na mizizi yake haifiki urefu wa kiberiti. Akasema tatizo ni maji ya kisima. Haya bwana.

Ukiwa Njombe au Limuru sina ugomvi na wewe, jaribu. Nairobi nako nyasi ya Kikuyu iko nyumbani kwake, nyanda hizo hizo ndizo zimeipa jina. Mimi nasema na watu wa pwani.

Wengine huniambia mbegu ndiyo nyasi halisi, vipandikizi ni ujanja wa mafundi kuuza viroba. Nyasi iitwayo pemba, na paspalamu pia, kwa kawaida hupandwa kwa vipandikizi, dunia nzima. Anayekuuzia “mbegu za pemba” muulize amezivuna wapi. Kwa mbegu, pwani, mimi nakubali ukoka tu. Na kama maji ya kisima chako yana chumvi, usinisumbue na kitu kingine: paspalamu.

Haya, umepata mbegu za ukoka. Kilo nzima kwa uwanja wa mita 20 za mraba si ukarimu. Kilo moja ina mbegu zaidi ya milioni 3. Gramu 5 hadi 10 kwa mita moja ya mraba zinatosha, zikizidi miche inabanana, inaoza shingoni. Changanya na mchanga mkavu ili mkono usizidishe. Usizifukie kama mahindi, maana nusu sentimita tayari ni mbali kwake: pitisha reki kidogo, kandamiza, basi. Maji kidogo kidogo mara mbili tatu kwa siku mpaka ziote, siyo mpira wa kuoshea gari. Na usisie masika yakiwa yamepamba moto, utazikuta kwa jirani.

Chini ya mwembe? Ukoka hapana. Pemba itavumilia kivuli cha wastani. Chini ya mwembe mzito weka kokoto na benchi, ukae.

Mwisho, “udongo mweusi wa lori ndiyo mzuri”. Mweusi ndiyo, lakini umejaa magugu ya ndago. Ukiziona ndago zimeshika uwanja, kuzing’oa kwa mkono ni kukata jani tu, vijiazi vyake vinabaki chini na vinaota upya. Kabla ya kumlipa mwenye lori, chota ndoo moja, iweke juani, imwagilie wiki mbili. Jani likichomoza, libiringishe shina lake katikati ya vidole. Ukisikia pembe tatu, hiyo ni ndago, lori lisimwage.