Zima sauti ndo ujue gemu ya kutisha ina thamani gani

Mtu akiniuliza gemu fulani ya kutisha ni nzuri au la namwambia zima sauti ucheze dakika kumi. Ukiona hujakosa kitu, unaelewa kila kinachoendelea na moyo uko palepale, basi hiyo ni picha tu, usimalizie bando zako za intaneti hapo. Mimi kazi yangu ni sauti, nafunga spika na kukaa kwenye mixer, mashine ya kuchanganya sauti, maharusini hapa Malindi, nikirudi usiku nacheza gemu za kutisha na sana sana hizi za indi, zinazotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo bila kampuni kubwa nyuma yao. Na nitasema wazi, hao wadogo wananitisha kuliko wakubwa, manake picha nzuri ni ghali, na mtu asiye na pesa ya kuchora zimwi inabidi akufanye umsikie.

Chukua Amnesia: The Dark Descent ya 2010, ya Frictional Games kule Uswidi. Kuna sehemu chini ya ngome imejaa maji na ndani ya maji kuna kitu. Hukioni. Hakina umbo kabisa. Unaona maji yanaruka tu, chubwi, chubwi, chubwi, yanakuja upande wako, na wewe umesimama juu ya sanduku, silaha huna manake gemu yote haina silaha, unapima kwa macho sanduku la mbele liko mbali kiasi gani, unarusha kitu upande wa pili kile kiumbe kikimbilie huko, halafu unaruka. Nimekaa pale na hedifoni nikasikiza tu bila kwenda popote. Kinachokaba roho ni zile nafasi katikati ya hatua. Hatua zikija mfululizo sikio linazoea, na sikio likishazoea halisikizi tena, lakini zikikatika ghafla linaanza kutafuta zimeishia wapi, na hapo ndo unajikuta umebana pumzi bila kujua. Hata harusini ni hivyo hivyo, muziki ukikatika kidogo ukumbi mzima unageuka.

Silent Hill ya 1999 ilitoka kampuni kubwa ya Japani, Konami, lakini nayo ilizaliwa na upungufu. PlayStation ya kwanza haikuwa na nguvu ya kuchora mji mzima kwa mbali, wakaujaza ukungu, halafu wakakupa redio ndogo inayokwaruza zimwi likikaribia. Hebu fikiria hiyo akili. Redio inakwambia kitu kipo karibu, haikwambii kipo upande gani, na ukungu haukuonyeshi. Yani umepewa msaada ambao unakuogopesha zaidi kuliko kama usingepewa.

Darkwood ya 2017 ndo naipenda kuliko zote. Wameitengeneza vijana wa Polandi, Acid Wizard Studio, na mwaka huohuo waliipandisha wenyewe kwenye Pirate Bay, tovuti ya kupakua vitu bila kulipa, watu wachukue bure, wakasema ukiipenda utanunua siku nyingine. Unaiangalia kutoka juu, unaona vizuri upande unaotazama peke yake, nyuma yako unabaki kusikiza. Usiku ukiingia unajifungia ndani ya nyumba, umepigilia mbao madirishani, umesukuma kabati mlangoni, jenereta inaunguruma na mafuta yake umeyatafuta mwenyewe mchana. Mtoto wa kaka yangu alikaa karibu yangu akaniuliza, "Ami, mbona hakuna kitu kinatokea?" Nikamwambia nyamaza usikize. Ubao ukalia chumba cha pili. Hakuuliza tena, alivuta miguu akaipandisha juu ya kiti.

Five Nights at Freddy's ya 2014, Scott Cawthon aliitengeneza peke yake, na wazo lake kubwa ni stima. Umekaa ofisini na kamera, ukifunga mlango stima inaliwa, ukiwasha taa inaliwa, ikiisha giza linaingia na unaanza kupigiwa muziki wa kitoto gizani. Sisi ambao stima inapotea katikati ya usiku wa kusi tunaielewa hiyo gemu bila kuelezwa. Lakini ile sura ya kurukia skrini na mayowe mwishoni siipendi, na walioiga hapo waliiga hiyo sehemu tu wakaacha akili yote ya stima. Mtoto akipasua mfuko wa karatasi nyuma yako utaruka pia, hiyo ni volyumu, na mtu wa sauti anayetegemea volyumu amekosa la kufanya. Gemu nyingi za bei rahisi zinazotoka siku hizi ni hivyo, korido, taa inazimika, mayowe, basi. Nazifuta.

Wakubwa nao wakitaka wanaweza, sitawanyima haki yao. Alien: Isolation ya 2014 inakupa kifaa kinacholia kuonyesha kiumbe kiko wapi, na kiumbe kikiwa karibu mlio huohuo kinausikia nacho.

Ukiwa na wenzako na intaneti isiyokatika, chezeni Lethal Company ya 2023, ya mtu mmoja anayejiita Zeekerss. Picha zake ni za kizamani kwa makusudi, lakini sauti ya mwenzako unaisikia kulingana na umbali wake, akienda mbali inafifia, na akifa inakatika katikati ya neno. Mko mnacheka, jamaa anasema "jamani hapa kuna...", basi, kimya. Kuna na mbwa wasio na macho wanaowinda kwa kusikia sauti zenu wenyewe kwenye maiki, kwa hivyo mnaanza kunong'ona majumbani kwenu kama wezi. Hakuna zimwi la kuchorwa lililowahi kunifanyia hivyo.

Halafu za bahari, manake hapa kila mtu ananiuliza Dredge, ile ya 2023 kutoka New Zealand. Unavua samaki, unawapanga kwenye boti mpaka wajae kila kijinafasi, na usiku ukikukuta nje akili inaanza kuyumba na miamba inatokea mahali ambapo haikuwepo. Uvuvi wake mtamu, huo siubishii. Hofu yake haidumu, ukishanunua mashine zenye nguvu unavikimbia vitu vyote na inabaki kuwa biashara ya samaki. Iron Lung ya 2022, ya David Szymanski, ni fupi, saa moja hivi, na inaizidi mbali. Umefungiwa ndani ya chombo chini ya bahari ya damu, hakuna dirisha, unaendesha kwa namba za ramani na mlio unaokuonya mwamba uko karibu, ukitaka kuona nje unapiga picha moja ya mnato. Muda wote unasikiza bati likilalamika.

Ukizicheza hizi tumia hedifoni za waya, za Bluetooth nyingi zinachelewesha mlio kidogo na kwenye hofu hiyo kidogo ni kubwa. Zima feni pia, najua joto lilivyo, vumilia.

Kinachoniuma ni kwamba sijacheza gemu ya kutisha yenye sauti za kwetu. Kila mara ni bundi na mbwa mwitu wa Ulaya. Magofu ya Gede yako palepale, mji uliohamwa tangu karne ya 17, msikiti mkuu na jumba la mfalme ndani ya msitu, na wazee wanasema yana wenyewe. Nimerekodi pale ndani ya kuta, majani makavu, kima wakiruka juu, popo, na nyayo zangu zinavyobadilika nikitoka kwenye mchanga kuingia kwenye sakafu ya chokaa. Faili ninazo, ni safi, hazina bodaboda wala maongezi ya watalii. Kama wewe ni wa Pwani na unatengeneza gemu, nitakupa bure, niandikie tu unataka za kaskazi au za kusi.