Kwa nini mahindi huanza kuumia magugu yakiwa bado madogo?

Nilipolima mahindi mara ya kwanza, nje kidogo ya Lubumbashi, niliacha majani yakue hadi mkono upate pa kushika, niyang'oe yote kwa mkupuo mmoja. Niliona nina akili. Gugu la urefu wa kidole litakunywa maji gani, tena Desemba, mvua inapiga karibu kila siku? Nilipopalilia, shamba lilipendeza. Mavuno hayakupendeza.

Kosa langu lilikuwa kumwona gugu kama mwizi tu: mwizi mdogo, wizi mdogo. Wenzangu wengi bado wanahesabu hivyo, na kwa mbolea na maji hesabu hiyo haiko mbali sana na ukweli. Ila mche wa mahindi hausubiri kuibiwa.

Jani bichi humeza mwanga mwekundu, lakini ule ulio pembezoni kabisa mwa wekundu, ambao macho yetu karibu hayauoni, huurudisha nje. Mche hulinganisha mianga hiyo miwili kwa protini iitwayo fitokromu. Ule wa pembezoni ukizidi, maana yake kuna majirani, hata kama kivuli hakijafika.

Fikiria mtu anayesubiri teksi-basi jioni. Gari halijaonekana, ila watu wanaongezeka, naye anaanza kunyoosha shingo na kusukuma kwa viwiko. Umati ukiondoka baadaye, nguvu zake zimeshakwisha. Mche nao hurefusha shina na kupunguza mizizi kwa ajili ya vita ambavyo huenda visije. Katika Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, watafiti waliotenganisha udongo wa mahindi na wa majani mengine, mizizi isigusane, waliona mahindi yakibadilika vilevile. Kwa macho tu!

Ni sehemu gani ya hasara inatokana na mwanga, na ipi na njaa ya udongo? Shambani ni vigumu kutenganisha. Udongo ukikosa naitrojeni, magugu huanza kudhuru mapema zaidi.

Kwa kawaida shamba linatakiwa kuwa safi tangu mche una majani matatu hivi hadi manane au kumi, yaani takriban wiki ya pili hadi ya sita baada ya kuota. Magugu yanayoota baada ya hapo hupunguza bukari (ugali wetu) kidogo tu, kwani mahindi yenyewe yanayafunika. Ila yakiachwa yakomae, mbegu zake zitakungoja mvua ijayo.